Ndizi au papai kwa mtoto asubuhi?

Kwa bei, ndizi mbivu pale soko la Kibuye hazina mpinzani: unachukua mbili tatu, basi. Papai ni lazima ununue zima, na likishakatwa, bila friji, joto la Kisumu halina huruma.

Ila kwa vitamini A na C papai linashinda wazi, tena hulainisha choo kigumu. Ndizi hushibisha zaidi, lakini ikikatwa huwa nyeusi upesi, ipake ndimu.

Mtoto wangu hula papai likiwa mtumbwi, kipande cha ndizi kikiwa mvuvi. Mbegu nilitoa zote, akaipata moja!

Asubuhi ya kukimbizana na basi la shule, mpe ndizi mkononi. Ukiwa na watoto watatu na Jumamosi tulivu, kata papai.