Ushauri wa taaluma kwa wachumba wa nchi mbili: tathmini ya ofisi moja ya Arusha

Ofisi ninayoitathmini hapa iko katikati ya mji wa Arusha, na kazi yake ni kuwashauri vijana wanaochagua taaluma huku wenzi wao wakiishi upande wa pili wa mpaka. Mji huu una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Namanga, mji wa mpakani na Kenya, uko mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari, kwa hiyo wateja wa huduma kama hii hawakosekani. Mimi ni Mtanzania ninayemaliza shahada ya uhasibu, na mchumba wangu ni mhandisi Mkenya aliyeajiriwa Nairobi. Swali nililolipeleka lilikuwa moja: niendelee na mitihani ya CPA, ile ya kuwa mhasibu aliyeidhinishwa, au nikasome sheria, fani ambayo nimeitamani tangu nikiwa sekondari?

Nilitarajia kuulizwa ninapenda nini na najiona wapi baada ya miaka kumi, kama wafanyavyo washauri wengi. Badala yake mshauri alichukua karatasi, akapiga mstari katikati, upande mmoja akaandika Tanzania na mwingine Kenya, kisha akaniuliza ni chombo gani kinachosajili watu wa fani yangu katika kila upande. Kwa uhasibu tuliandika NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, huku na ICPAK, taasisi ya wahasibu ya Kenya, kule. Akanieleza kwamba bodi za wahasibu za nchi za Jumuiya zilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, mwaka uleule na wasanifu majengo, wakafuatiwa na wahandisi mwaka 2012 na madaktari wa mifugo mwaka 2016. Mawakili hawamo katika makubaliano hayo manne. Wakili huifanya kazi yake juu ya sheria za nchi yake, mahakama zake na mwenendo wake, na akihama hujikuta anaanza karibu upya, wakati mizania ya kampuni husomwa kwa kanuni zilezile Nairobi na Dar es Salaam. Hakuniambia niache sheria. Alinionyesha gharama yake, na kwangu hiyo ndiyo sehemu ya huduma yao iliyostahili fedha niliyolipa.

Sehemu ya vibali nayo ilielezwa vizuri. Wengi hudhani kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, mkataba wa Jumuiya wa kurahisisha watu na bidhaa kuvuka mipaka ulioanza kutumika Julai 2010, imefungua milango yote, ilhali kutambuliwa na bodi ni jambo moja na kuruhusiwa kufanya kazi ni jambo jingine. Mkenya anayeajiriwa Tanzania huhitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, na zaidi ya hicho kibali cha ukaazi cha daraja B kutoka Uhamiaji. Mtanzania anayeenda Kenya naye hupitia taratibu za huko. Mshauri alisisitiza jambo ambalo maharusi hulisikia wakiwa wamechelewa: hati ya mtegemezi anayopewa mke au mume wa mkaazi humruhusu kuishi na mwenzake, lakini haimruhusu kuajiriwa. Mtu anaweza kufunga ndoa Jumamosi na bado asiwe na ruhusa ya kushika kazi yoyote Jumatatu.

Sasa nifike kwenye lawama yangu kubwa. Fomu niliyopewa mapokezi ilikuwa na sehemu mbili, «mwenzi anayebaki» na «mwenzi anayehama», na mhudumu alikuwa ameshaandika jina langu katika sehemu ya pili kabla sijaketi. Nilipouliza sababu, alijibu kwa upole kabisa kwamba kwa kawaida ni dada anayemfuata kaka. Mshauri alilikata jina lile kwa kalamu na kuomba radhi, lakini mazungumzo yote yaliyofuata yaliendelea kana kwamba halikukatwa. Uhandisi ulikuwa kwenye orodha aliyonisomea yeye mwenyewe, hivyo taaluma ya mchumba wangu inavuka mpaka kama yangu. Hata hivyo hakuna aliyeuliza kama Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania ingemsajili, wala kama Arusha ina kazi ya kumtosha. Huduma inayojinadi kuwa ya watu wawili haina budi kuwahoji wote wawili, hata kama mmoja atajiunga kwa simu akiwa Nairobi.

Kuna mambo mengine yaliyopitwa. Anayedaiwa na Bodi ya Mikopo huku hukatwa na mwajiri kwenye mshahara, lakini mwajiri wa Kenya hatamkata, na deni litabaki likimngoja alipe mwenyewe. NSSF ya Tanzania na NSSF ya Kenya ni mifuko miwili tofauti ya hifadhi ya jamii yenye jina moja. Suala la uraia liliguswa kwa sentensi moja tu, ingawa kwa anayewazia utumishi wa umma lina uzito mkubwa: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha na kumpa mwenzi wa Mkenya nafasi ya kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, ilhali mtu mzima wa Tanzania anayechukua uraia wa nchi nyingine huupoteza wa kwao.

Ada yao si ndogo kwa mwanafunzi, na tovuti yao haina maelezo ya kutosha (chai yao, kwa haki, ni nzuri). Ninaipendekeza kwa mwenye fani inayosajiliwa na bodi, kama mhasibu, mhandisi au muuguzi, ambaye mwenzi wake yuko ndani ya Jumuiya. Mwenye mchumba Oman au Ujerumani atafute kwingine, kwa kuwa wanazozijua vyema ni taratibu za Afrika Mashariki peke yake. Atakayekwenda aombe mapema kikao cha watu wawili, na ahakikishe fomu inajazwa na yeye mwenyewe.