TAHADHARI: Ukiambiwa "huu ni mpingo mwepesi" Mtwara, rudisha hela yako mfukoni

Ndugu zangu mnaosafiri kusini, hasa mnaopita Mtwara mjini na Mikindani, naomba msome hili kabla hamjanunua zawadi. Nimetapeliwa shilingi 90,000 mchana kweupe. Hela inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba nimewagawia watu ninaowaheshimu vitu vya uongo, tena kwa kujisifu kwamba hii ndiyo kazi ya mikono ya kwetu.

Nilikwenda nyumbani kwa arobaini ya bibi. Kurudi Dodoma nilipanda ndege, na kilo zangu zilishakwisha kabla sijafunga hata nguo, maana mama alikuwa ameshanijazia begi korosho na unga wa muhogo. Kazini nimeacha wenzangu kumi na wawili waliochanga rambirambi na kunishikia zamu zangu wiki nzima. Siwezi kurudi kwao mikono mitupu. Nikatafuta kitu kidogo, cha kukaa kwenye mfuko wa pembeni wa begi, kila mtu apate kimoja. Nikaamua vinyago vidogo vya kuning'iniza funguo.

Karibu na kituo cha mabasi nikamkuta kijana ametandika turubai, vinyago vimepangwa vizuri. Mtaratibu wa maneno, shikamoo zake nyingi. Akanipa kimoja mkononi: "Shika dada, sikia uzito wake." Nikashika. Kilikuwa kizito kweli, cha baridi, cheusi chenye mistari ya hudhurungi kwa mbali. Nikaridhika, na hapo ndipo nilipofungua mdomo: nikamwambia vizuri, ila nina shida ya kilo kwenye ndege.

Akatabasamu. "Dada, ungesema mapema. Ninao mpingo mwepesi, wa mti mchanga. Mchongaji ni yule yule." Akavuta mfuko uliokuwa nyuma yake, vinyago vimefungwa kwenye gazeti na kubanwa kwa selotepu. Akafungua kimoja tu. Kinang'aa, cheusi tii, na mkononi hukisikii kabisa. Alianza na 10,000 kwa kimoja, tukaishia 7,500. Lipa namba hakuitaka, akasema mtandao unasumbua, nikampa taslimu. Namba ya simu alinipa mwenyewe bila kuombwa, "ukihitaji vingine".

Siku ya tatu ofisini, mwenzangu aliyekining'iniza kwenye mkoba wake wa rangi ya maziwa akaja kunionyesha doa jeusi lililoenea kama wino. Mchana wake kingine kikaanguka kwenye vigae, kichwa kikakatika. Ndani ni cheupe kama muhogo uliomenywa. Nilikinusa pale palipovunjika: dawa ya viatu. Namba ya yule kijana haipatikani mpaka leo.

Nikampigia mjomba, yuko Newala, amechonga tangu ujana wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, mpingo mwepesi haujaumbwa bado." Akanieleza, nami nawaeleza kama alivyoniambia, maana nimezaliwa kwenye nchi ya mpingo na sikuwa nayajua.

Gogo la mpingo lina sehemu mbili. Nje, chini ya gome, kuna ukanda mweupe unaoelekea njano. Ndani ndiko kwenye kiini cheusi, na hicho ndicho mchongaji anachokitaka. Mti huu unakua polepole mno, huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kukatwa. Kwa hiyo mti mchanga karibu wote ni mweupe. Anayekuambia ana mpingo mweusi wa mti mchanga amekwisha kujifunga mwenyewe kwa maneno yake. Na kiini kile ni kizito kuliko maji: mita moja ya ujazo ni kama kilo 1,200, wakati maji ni kilo 1,000. Uzito huo na ugumu wake ndio unaowafanya Wazungu watengenezee zumari zao za klarineti na obo mti huu huu unaotoka Lindi na Mtwara.

Basi kipimo ni glasi ya maji. Kinyago kidogo cha kiini cha mpingo, hata kiwe saizi ya kidole gumba, kinazama. Mti laini uliopakwa rangi unaelea. Mwombe muuzaji maji, au toa chupa yako ya maji ya kunywa na umimine kwenye kikombe chochote. Mwenye mali ya kweli hatakasirika. Angalizo moja hapa: msitegemee kufuta kwa kitambaa peke yake. Wachongaji waaminifu nao husugua kazi zao kwa nta au dawa ya viatu ili zing'ae, kwa hiyo weusi kidogo kwenye kitambaa haujathibitisha wizi. Geuza kinyago, kwaruza kidogo kwenye kitako kwa ncha ya ufunguo. Mpingo ukikwaruzwa unabaki mweusi au wa zambarau iliyokolea. Ukiona weupe mahali pasipo na ule ukanda wa nje, simama hapo hapo.

Na tafadhali, pima KILE UNACHOBEBA. Mimi sampuli niliyoshikishwa ilikuwa halali kabisa, na mjomba anasema huo ndio mchezo wenyewe: cha kweli kinakaa juu ya turubai, cha uongo kinakaa kwenye gazeti. Fungua kila kifurushi, hata kama gari linapiga honi.

Sisemi mti mwepesi ni dhambi. Barakoa za mapiko, zile zinazovaliwa kwenye ngoma ya midimu, Wamakonde huzichonga kwa mti mwepesi kwa sababu mtu anacheza nazo kichwani. Barakoa ndogo ya namna hiyo ni zawadi nzuri na haiongezi kilo. Muuzaji akikuambia "huu ni mti laini, nimeupaka rangi", bei ikashuka, hapo mmeelewana.

Kuna jambo jingine kwenye turubai lile ambalo sikulinunua, na namshukuru Mungu. Alinitolea bangili za ng'amba, za rangi ya asali, nyepesi kama karatasi. Hayo ni magamba ya kasa. Kasa wote wamelindwa na biashara ya magamba yao kati ya nchi na nchi imekatazwa, kwa hiyo zikiwa za plastiki umeibiwa, na zikiwa za kweli unaweza kujikuta unaeleza polisi uwanja wa ndege. Kuna na visarafu vya shaba alivyoviita "hela za masultani wa Kilwa". Ni kweli Kilwa ilifua sarafu zake za shaba karne nyingi zilizopita, na magofu ya Kilwa Kisiwani yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Ndiyo maana sarafu ya kweli haiuzwi kwenye turubai: tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kutoa kitu cha kale nje ya nchi bila kibali ni kosa. Makombe na matumbawe nayo yaacheni baharini. Wageni wengi wanaokota pwani ya Msimbati bila kujua kwamba ile ni hifadhi ya bahari.

Kwa wenye marafiki nje ya nchi: vinyago vya mpingo vilivyokwisha kuchongwa mnaweza kuwapelekea. Mpingo umo kwenye CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, ila bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja hazihitaji kibali cha mkataba huo. Vinyago vya funguo kumi na viwili havifiki popote karibu na hapo. Ombeni tu risiti.

Mkiwa na nafasi, nunueni kwa mtu aliyekaa anachonga. Mtaona tezo lake, vumbi jeusi kwenye magoti, na vipande vya mpingo vyenye ule ukanda mweupe pembeni. Vipande vidogo vinavyobaki kwenye kazi kubwa ndivyo vinavyotoa vinyago vya funguo, na fundi hupenda mtu avinunue. Kama kilo zimebana kabisa, doti ya kanga inakunjika ikawa kama daftari. Kofia na vipepeo vya kujipepea vya ukili havina uzito. Korosho chukueni zilizobanguliwa, nusu kilo nusu kilo, na mzimimine muone za chini, maana zipo pakiti zenye nzima juu na vipande vilivyochacha chini.

Mjomba ananichongea kumi na viwili vipya kutoka kwenye mabaki yake, vitakuja na basi wiki ijayo. Wenzangu nimewaomba radhi mmoja mmoja. Vile vya uongo nimevikusanya vyote, vipo kwenye mfuko mezani kwangu. Aliye Dodoma na anajiandaa kwenda kusini anitumie ujumbe hapa, aje avishike kwa mkono wake. Glasi ya maji ipo.