Nilivyong'olewa gego la mwisho, na siku ya tatu niliyoambiwa nadeka

"Unadeka." Neno hilo nimeambiwa na daktari mzima, mbele ya watu saba au wanane waliokaa kwenye benchi la mapokezi, nikiwa nimekandamiza shavu kwa kitambaa na machozi yanatoka yenyewe. Wiki kadhaa zimepita, na bado nikilikumbuka natetemeka. Mtanisamehe, naandika nikiwa na hasira.

Kliniki siitaji. Ni ya binafsi, hapa Dar es Salaam. Nilikwenda kung'oa gego la mwisho la chini, upande wa kulia. Lilikuwa limelala, kichwa kimeelekezwa kwenye gego la mbele yake kama ng'ombe anayetaka kupiga pembe, na nusu yake imefunikwa na fizi. Chakula kinaingia chini ya ile fizi, inavimba, natema usaha, inapoa, baada ya miezi michache inarudi. Wenye gego la namna hii wananielewa.

Haki ya mtu nimpe kwanza, maana nikiendelea nitashindwa. Safari ya kwanza daktari alikataa kuling'oa. Fizi ilikuwa imevimba, akasema penye usaha ganzi haishiki sawasawa, kwa sababu nyama iliyoharibika ina tindikali inayoipunguza nguvu ile dawa. Akanisafisha, akanipa dawa, akaniambia nirudi uvimbe ukishapoa. Wengine wangeng'oa siku ileile wakachukua hela. Niliporudi alinichoma sindano nyuma kabisa ya taya, akangoja nusu ya mdomo wa chini ikafa na ncha ya ulimi ikafa. Akanigusa, "Unasikia?" Nikasema kidogo. Akaongeza. Kisha akachana fizi, akapunguza mfupa, akalikata gego vipande viwili na kuvitoa kimoja kimoja. Nilisikia mashine na nilisikia kusukumwa, maumivu sikuyasikia hata chembe. Nilitoka pale nikimsifu kwa mume wangu kwa ishara za mikono, kwa kuwa mdomo ulikuwa haunitii.

Bahasha niliyopewa dirishani ilikuwa na paracetamol na dawa mbili za kuua bakteria. Maelekezo: uma gozi, kile kitambaa cheupe cha kufungia vidonda, nusu saa, leo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu. Basi. Hakuna aliyeniambia kwamba ganzi ile hudumu saa tatu mpaka tano hivi, na kwamba dawa ya maumivu humezwa kabla haijaisha, siyo baada ya moto kuwaka. Niliyajua hayo magharibi, nikiwa naosha vyombo, ilipoachia kwa mpigo mmoja. Nilikaa chini pale pale jikoni.

Hata hivyo usiku ule ulipita. Siku ya pili nilikuwa na nafuu, nikanywa uji wa vuguvugu, nikaanza kupanga kurudi kazini. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kiswahili na Historia. Mdomo ndio jembe langu.

Siku ya tatu ikaja. Maumivu yaliyoanza alfajiri ile hayakuwa yale ya kwanza. Yalikuwa yanapwita kutoka shimoni, yanapanda sikioni, yanazunguka kwenye paji, yanarudi. Sikio la kulia niliona kama limechomekwa msumari. Mdomoni ladha ya kitu kilichooza, na harufu ambayo mwanangu mdogo aliisikia akasogea. Taya limekaza. Mtu mzima hufungua mdomo vidole vitatu vilivyopangwa kwa wima vikaingia. Mimi kilipita kimoja kwa taabu. Paracetamol nilizimeza nikaona kama nimemeza chaki.

Nikaenda kliniki. Dada wa mapokezi akaniuliza kama nina miadi. Nikajaribu kueleza, maneno hayatoki, nikaandika kwenye karatasi: "maumivu makali, sikio, harufu." Akaisoma, akaiweka kando, akaendelea na simu yake. Nilikaa karibu saa mbili. Daktari alipotoka kumsindikiza mgonjwa mwingine mlangoni, dada akamwonyesha mimi kwa kidole. Hakunisogelea. Alisimama hatua nne tano akasema, na maneno yake nayaandika kama yalivyo: "Mama, kung'olewa jino kunauma, kila mtu anajua. Umezaa watoto watatu, kijino kikushinde? Nyie watu wa pwani mnapenda kubembelezwa. Unadeka." Akamwambia dada anipe dozi nyingine ya dawa za bakteria. Akarudi ndani.

Hakunifungua mdomo. Tochi ilikuwa mfukoni mwa koti lake, niliiona.

Adhabu ya kaburi aijua maiti. Lakini kazi ya daktari ni nini, kama siyo kuinama na kuuliza maiti anaona nini? Wanafunzi wangu nimewafundisha mara ngapi kwamba mwaka 1846, pale Boston, mtu aliyesimama mbele ya madaktari wa upasuaji akamlaza mgonjwa kwa etha asisikie kisu alikuwa daktari wa meno, William Morton, na mgonjwa mwenyewe alikuwa na uvimbe shingoni, chini ya taya. Fani ya meno ndiyo iliyousukuma mlango huo ukafunguka. Halafu mwenye fani hiyo, miaka karibu mia na themanini baadaye, ananiambia nimezaa kwa hiyo nivumilie! Uchungu wa kuzaa mwisho wake unajulikana, na mkunga yupo pembeni anakupima. Mimi nilikuwa natangatanga na bahasha.

Usiku wa siku ile sitausimulia. Asubuhi muuza dawa wa mtaani kwetu, kijana mwenye busara, aliniona nikija kununua vidonge vingine akakataa kuniuzia. "Mwalimu, hii siyo ya duka la dawa. Nenda hospitali kubwa, idara ya kinywa na meno, leo hii."

Hospitali ya serikali, foleni ndefu, mabenchi ya mbao, joto. Nilijiandaa kwa matusi zaidi. Mbele yangu alikuwapo kijana aliyeletwa na mama yake, mdomo wazi hauwezi kufungwa, mate yanamchuruzika kwenye kanga aliyofungwa shingoni. Alipiga mwayo ndani ya daladala taya likateguka, likabaki hivyo. Watu walimkodolea macho. Daktari, binti mdogo kabisa, alitoka akamwona, akamwingiza kabla ya sote, na hakuna aliyenung'unika. Mlango ulibaki nusu wazi: akafunga gozi kwenye vidole gumba vyake, akaviweka juu ya magego ya chini, akakandamiza kwenda chini kisha akasukuma nyuma polepole. Nilisikia kama kofuli linajibu. Yule kijana akafunga mdomo, na mama yake akapiga kigelegele pale pale koridoni. Akatoka amefungwa bandeji kuanzia kidevuni mpaka utosini, ameagizwa asipanue mdomo sana na akipiga mwayo akishike kidevu.

Zamu yangu ikafika. "Shikamoo mama, pole sana. Nionyeshe panapouma." Nikaonyesha sikio. Akatabasamu kidogo akasema sikio halina kosa, mshipa wa fahamu wa taya na sehemu ya sikio vina njia moja, ndiyo maana maumivu yanahama. Akachukua tochi na kioo. Dakika moja. Haikuzidi. "Donge la damu lililotakiwa kuziba shimo limetoka. Mfupa uko wazi, hewa na chakula vinaugusa. Mtu yeyote angelia."

Mtu yeyote angelia. Hapo ndipo nililia kweli, kwa sauti.

Akaniambia hali hiyo wao huiita shimo kavu, hutokea zaidi kwenye magego ya mwisho ya chini, hasa siku ya pili mpaka ya nne, na huwapata zaidi wavutaji sigara na baadhi ya wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Dawa za bakteria siyo tiba yake. Tiba ni kuoshwa na kufunikwa. Aliosha shimo kwa maji ya chumvi ya vuguvugu kwa sindano isiyochoma, kisha akachukua utepe mwembamba wa gozi uliolowekwa kwenye dawa, akausokota ndani taratibu.

Harufu ikapanda puani kabla ya kitu kingine. Karafuu.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Nimekulia kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara, nimechambua makonyo, vile vikonyo vinavyoshika karafuu, mpaka vidole vikanuka wiki nzima, na upepo ukivuma kutoka kiwanda cha makonyo cha Wawi unajua leo wanakamua mafuta. Bibi yangu alikuwa akituwekea karafuu moja kwenye jino bovu na kutuambia tusiitafune. Nikamwuliza daktari kwa kuandika, ni karafuu hii? Akasema ndiyo, eujenoli, inatoka kwenye mafuta ya karafuu, inapoza mfupa. Yaani dawa ya kilio changu imetoka kwetu, kwenye mti alioukwea babu yangu, na mimi siku moja kabla nimeambiwa watu wa pwani tunadeka! Baada ya kama dakika kumi maumivu yalishuka kama mtu anapunguza redio. Nilikaa kwenye kile kiti sitaki kuinuka.

Kuhusu vidonge, alibadilisha kila kitu. Ibuprofen miligramu 400 pamoja na paracetamol gramu moja, zote mbili kwa wakati mmoja, baada ya kula, kwa saa alizoniandikia, nisingoje yaume. Alisema hizo mbili zikienda pamoja zinashinda kila moja peke yake. Aliniuliza kwanza kuhusu vidonda vya tumbo, figo, pumu na mimba, na akanionya paracetamol isizidi gramu nne kwa siku. Kwa taya: kitambaa cha moto shavuni, kisha kufungua mdomo kidogo kidogo kwa kusaidiwa na vidole, mara kadhaa kwa siku, bila kulazimisha. Na homa, uvimbe kushuka chini ya taya au shida ya kumeza, nisingoje kuche, nirudi hata usiku. Hayo yote kwa muda usiofika robo saa, na nje foleni imefika ngazini. Kumbe muda haukuwa tatizo la yule mwingine.

Nilibadilishiwa ule utepe mara mbili. Wiki iliyofuata niliingia darasani nikafundisha kwa sauti ya chini.

Sasa mniulize, niende kule kliniki au nisiende? Nilikuwa nimeandika msikanyage. Juzi mdogo wangu kaniuliza gego lake likang'olewe wapi, nikajikuta namtajia jina la yule bwana, kwa ile sindano yake na ile subira ya mkono wake. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Mkono wake sijaona mfano. Lakini mkono unafanya kazi saa moja, na mgonjwa anabaki na shimo siku kumi. Kama huna nguvu ya kumtazama siku ya tatu, usimchane siku ya kwanza. Hapana, asiende. Au aende, na mimi niwe naye siku ya tatu, nisimame mlangoni.

Nilirudi kwake mara moja tu, kutolewa nyuzi za fizi aliyoichana. Safari hii alinifungua mdomo. Akaona utepe, akanusa, akauliza, "Nani kaweka hii?"

"Aliyetazama," nikamwambia.

Akatoa nyuzi kimya, vizuri mno, sikusikia kitu. Alipovua glavu akasema ningejieleza vizuri siku ile angeelewa. Nikamkumbusha mdomo ulikuwa haufunguki, na karatasi niliandika. Akageuka kwa dada wa mapokezi, dada akatazama chini. Samahani haikutoka kwa yeyote.

Vidole vitatu vinapita sasa. Upande wa kushoto kuna gego jingine limelala vilevile, nalo limeanza kuvimba fizi, na usiku nalisikia nikiwaza nitalipeleka kwa nani.