Uzoefu wangu katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza: onja dagaa kabla hujalipa

Kila ninaposafiri huanza na soko kabla ya kivutio kingine chochote, kwa sababu soko ndilo linaloniambia wenyeji wanakula nini siku ambayo hawana mgeni. Nimekwisha kuzunguka Darajani pale Unguja, ambako jengo la soko ni la mwaka 1904, nimepigana vikumbo Kariakoo, na nimesimama kwenye mnada wa Feri, Dar es Salaam, nikiwa nimevaa viatu visivyostahili maji yale. Mwanza ndiyo kwanza niliifikia Agosti, wakati wa kiangazi, nikakaa siku nne, na asubuhi tatu kati ya hizo nilizitumia Mwaloni Kirumba. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayependa kula na anayetaka kurudi nyumbani na mzigo wa maana, maana mimi sado yangu ya kwanza ya dagaa, yaani ndoo ndogo ya kupimia, ilinitia hasara.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa mwalo ni mahali mitumbwi inapofika na samaki kushushwa, na jina la soko limetoka hapo. Lipo ukingoni mwa Ziwa Victoria katika Manispaa ya Ilemela, mwendo mfupi wa daladala kutoka katikati ya jiji kwa njia inayoelekea uwanja wa ndege. Harufu itakupokea kabla hujaliona lango, nayo si ya uvundo bali ni ya samaki wakavu wengi waliowekwa pamoja: sangara wa chumvi, sangara wa moshi, na zaidi ya wote dagaa, magunia kwa magunia, yakishushwa kutoka kwenye boti za visiwani na kupakiwa kwenye malori. Wanunuzi wakubwa hutoka hadi Kongo, Burundi na Rwanda. Nilikaa juu ya kreti tupu karibu nusu saa nikisikiliza Kiswahili cha Kongo kikivutana bei na Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma, na sikumbuki mara ya mwisho nilipata burudani ya bure iliyonoga namna hiyo.

Siku ya kwanza nilifika saa nne asubuhi, nikiwa nimeshiba usingizi, na hilo lilikuwa kosa. Mzigo mzuri ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na wa jumla, jua limekolea, na wapagazi waliokuwa na magunia mabegani hawakuwa na subira na mtu anayesimama njiani kupiga picha. Kijana mmoja mwenye dagaa waliong'aa juu ya sado aliniita kaka, akanisifia macho yangu kwamba yanajua kuchagua, akanipimia sado moja kwa shilingi 9,000, nami nikalipa bila kuingiza mkono ndani. Jioni, katika nyumba ya wageni, nilimwaga mfuko juu ya gazeti. Juu walikuwa dagaa wazima, weupe kama fedha. Chini yake palikuwa na dagaa waliovunjika, wa rangi ya kahawia, magamba, na mchanga wa kutosha kusugulia sufuria. Sikumlaumu yeye peke yake. Mnunuzi anayekubali kusifiwa macho badala ya kuyatumia amejitakia.

Asubuhi iliyofuata nilifika saa kumi na mbili na nusu, na hapo ndipo nilipolipenda soko. Nilimsalimu mama mmoja mwenye meza ndogo kwa neno pekee la Kisukuma nililokuwa nalo, "Mwangaluka," akacheka matamshi yangu, akaniuliza natafuta dagaa wa kula au wa kuku. Nilidhani ananitania. Kumbe ni swali la kweli kabisa, kwa kuwa dagaa walionyeshewa na mvua au kukauka vibaya huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo, na bei yao ni nyingine. Nilipomsimulia habari ya sado yangu aliguna tu, kisha akasema, "Baba, wewe ulinunua wa kuku ukafunikiwa na wa kula."

Alinifundisha kununua kwa mpangilio huu, nami nimeufuata tangu siku hiyo. Kwanza ingiza mkono mpaka chini ya gunia, usiridhike na tabaka la juu, kisha utoe kiganja kimoja na kukifungua kwenye mwanga. Dagaa aliyeanikwa vizuri hana weusi tumboni, na ngozi yake bado ina mng'ao wa fedha. Akiwa amegeuka njano au kahawia, ujue alichelewa jua au amekaa ghalani muda mrefu. Kisha mvunje: akikatika kwa mlio mkavu, amekauka, akijikunja kama uzi, atakuotea ukungu ndani ya mfuko kabla hujamaliza safari. Mwisho mtafune mmoja, polepole, ukiwa umenyamaza, kwa sababu mchanga husikika menoni kabla ulimi haujasema lolote. Dagaa wengi huanikwa moja kwa moja juu ya mchanga au mawe ya ufukweni, na hao huokota kila kilicho chini yao. Wale wa kwenye vichanja, yaani nyavu zilizotandazwa juu ya miti, hutoka safi, na tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na adha ya kuosha mara tano. Kwake nililipa shilingi 11,000 kwa sado, akaongeza kiganja kimoja juu, nikamwambia "Wabeja, mayo," yaani asante, mama.

Jambo jingine ambalo lingenisaidia kulijua kabla ya kukata tiketi ni habari ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola, kwa kuwa humiminika kwenye mwanga na hapo ndipo wavu unapowazunguka. Mbalamwezi ikiwa kubwa ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haimvuti samaki yeyote, na wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa. Mzigo hupungua, bei hupanda, na msafiri hukuta meza zenye mabaki ya wiki iliyopita. Tazama kalenda ya mwezi na uje siku za giza.

Kuhusu kula pale pale, Mwaloni si mahali pa meza za vitambaa. Mama lishe wamejipanga pembeni, na kifungua kinywa changu kwa siku mbili kilikuwa supu ya kichwa cha sangara na chapati moja. Supu hiyo ni nzito, ina mafuta yanayoshika mdomo, na ukikamulia ndimu na pilipili mbuzi huwa nzuri kiasi cha kukufanya usahau makelele ya mkokoteni nyuma yako. Niliulizia pia furu, wale samaki wadogo ambao wazee wa Mwanza huwasifia, nikaambiwa huwapati kila siku. Sangara, ambaye tunamdhani ni mwenyeji, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na furu ni miongoni mwa waliolipa gharama, kwani aina nyingi zilitoweka. Sato niliyemla mchana, wa kuchemshwa na nyanya na bamia pamoja na ugali wa udaga, yaani wa muhogo, alinifariji kidogo. Kasoro niliyoiona ni kwamba meza chache za rejareja zilikuwa na sangara wadogo mno, ilhali kanuni za uvuvi zinakataza aliye chini ya sentimita 50, na chini ya sentimita 25 kwa sato. Kama na wewe hilo linakukera, dawa ni kutowanunua.

Usafi ni wa wastani. Sakafu hulowa, kwa hiyo vaa viatu vya mpira. Kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara, husimama karibu na mabaki ya samaki kama wazee wanaosubiri kikao kianze, na hawamwogopi mtu. Pesa ndogo ndogo ni muhimu, ingawa karibu kila meza hupokea malipo ya simu. Picha omba kwanza. Niliyemwomba alikubali, na nisiyemwomba alinigeuzia mgongo, ikawa haki yake.

Masoko ya mboga na matunda katikati ya jiji niliyapitia kwa saa moja tu, na siwezi kusema yalinishangaza, isipokuwa kwa kitu kimoja: viazi vitamu vikavu vya Wasukuma. Michembe hukatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa, na hayo ya pili ndiyo ya kutafuna njiani, matamu, magumu, yanayokushughulisha taya kutoka Mwanza hadi Shinyanga. Ndizi za Bukoba zilikuwepo kwa wingi pia, na machungwa ya Ukerewe niliyanunua kwa sababu ya jina tu, nikakuta yana maji mengi kuliko nilivyotarajia.

Kwa safari ya kurudi, usithubutu kupanda basi na dagaa ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi nilinunua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, nikawaweka dagaa ndani ya mfuko wa karatasi ulioviringishwa mara mbili, na hata hivyo utingo aliinusa ndoo, akanitazama, akaipeleka kwenye buti bila kuniuliza. Nyumbani tuliwachambua vichwa na matumbo, kwa kuwa ndimo uchungu unamokaa, tukawaosha kwa maji ya uvuguvugu, tukawakaanga mpaka wakaanza kulia kwenye kikaango, ndipo kitunguu na nyanya vikafuata. Mke wangu ni mtu wa Kigoma, kwenye dagaa wa Ziwa Tanganyika, na kwa miaka kumi na mbili amekuwa akiniambia kwamba dagaa wa Mwanza ni wa kufugia kuku. Alikula sahani mbili, akanyamaza, kisha akauliza ndoo imebaki na kiasi gani.