Kliniki ya mazoezi ya viungo Area C, kwa kijana aliyepata stroku

Kuna watu wanaulizia sehemu ya mazoezi ya viungo hapa Dodoma kwa mgonjwa wa stroku (kiharusi), mi niwaambie ya hii tunayoenda Area C, huu ni mwezi wa nne tangu tuanze, kila Jumanne na Alhamisi.

Mgonjwa ni mdogo wangu wa miaka 29, alikuwa anasoma India. Asubuhi anakunywa chai kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande, mwenzie wa chumba hakusema ngoja apumzike, kamkimbiza hospitali ndani ya saa moja, wakampiga picha ya kichwa, CT scan, wakaona damu haijavuja ila mshipa mkubwa umeziba, wakapitisha mpira mwembamba kinenani mpaka kichwani wakalivuta lile bonge la damu. Namwombea yule mwenzie mpaka leo, maana kawaida dawa ya kuyeyusha bonge mwisho ni masaa manne na nusu tangu dalili zianze, kulivuta masaa sita, na wachache ambao picha zinaruhusu ndo wanafika masaa 24.

Sasa karudi na karatasi imeandikwa 2. Ni kipimo chao cha ulemavu baada ya stroku, 0 huna shida yoyote, 6 umefariki, na 2 kushuka chini wanahesabu umetoka vizuri. Kuna majaribio matano ya kuvuta bonge yaliyotoka 2015, yalipojumlishwa, watu 1,287, waliovutwa bonge 46 kati ya 100 walifika hapo baada ya miezi mitatu, wasiovutwa kama 26 tu, kwa hiyo tiba inafanya kazi jamani, sina ubishi. Ila wengi wao walikuwa watu wazima sana. Mzee wa miaka 70 akijilisha na kwenda chooni mwenyewe ni kushukuru Mungu, huyu wa kwangu saa nne asubuhi kashachoka hoi, neno "ufunguo" analitafuta dakika nzima, na bado ana maisha ya kuanza.

Hapa kliniki ndo mtu wa kwanza kumuuliza, "Mdogo wangu, unataka kurudi kwenye kazi gani?" Akasema uhasibu, kompyuta. Basi yule dada wa mazoezi akaweka pembeni mambo ya kurusha mpira akaleta bakuli la zabibu, ahamishe moja moja kwa kidole gumba na cha shahada bila kupasua. Wiki ya kwanza juisi ilichuruzika mpaka kiwiko, nikatoka nje nikalia. Juzi kahamisha 20 zikapasuka mbili, afu kafunga vifungo vya shati mwenyewe, cha kola tu ndo kikagoma.

Yanayoniuma: ngazi tatu za mlangoni hazina pa kushika, kwa wagonjwa wa kupooza kweli? Miadi ya saa tatu mnaingia saa tano, uchovu umeshamkamata na zoezi lote linapotea. Na hamna mshauri wa kuongea naye, wakati usiku anakaa kimya anaangalia ukuta, na vijana wengi hata mkono na mguu ukirudi uchovu na huzuni vinabaki, hilo wangelifikiria kabisa.

Bei elfu 20 kwa siku, kwetu ni nzito ila hawajawahi kutuongezea kitu juu.

Mkienda ombeni nafasi ya kwanza, saa mbili kamili, na zabibu bebeni zile ngumu ngumu, laini zinamkatisha tamaa mgonjwa.