Uzoefu wangu: kusomea umeme katika taasisi ya TVET ya chuo kikuu

Kazi ya wayaringi, yaani kufunga nyaya za umeme majumbani, nimeifanya Kisumu kwa miaka mingi, kuanzia Nyalenda na Manyatta hadi nyumba mpya za Mamboleo. Kilichonirudisha darasani ni leseni. Fundi asiye na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, hufanya kazi yote, halafu humtafuta mwenye leseni aje atie sahihi, na huyo naye ana bei yake. Leseni yenyewe inataka cheti. Nikajiandikisha kozi ya umeme, levo ya 5 (ngazi ya cheti), katika taasisi ya TVET, yaani ya mafunzo ya ufundi, ya chuo kikuu kimoja cha huku magharibi.

Tulipoingia, taasisi ilikuwa changa mno: ofisi moja, walimu wa kuazima kutoka idara ya uhandisi, na karakana tuliyoruhusiwa kuingia pale tu wanafunzi wa digrii walipokuwa hawana kipindi. Ufunguo ulikaa na mtu wa idara. Asipokuwepo, tulichorewa saketi ubaoni. Hilo liliniuma sana, kwa sababu mafunzo ya CBET, mfumo tunaosomea unaopima umahiri, yamejengwa juu ya kazi ya mikono. CDACC, baraza linalotahini kozi hizi, hawakupimi kwa kukariri pekee. Wanataka jalada la ushahidi wa kazi ulizofanya mwenyewe, na mwishoni unaambiwa umefikia umahiri au bado. Aliyechorewa ubaoni ataweka nini kwenye jalada?

Mambo yalibadilika taasisi ilipopata karakana yake. Ni banda la mabati tu, na jua la mchana linachoma humo ndani, lakini kila wanafunzi wawili walikuwa na ubao wao wa kufungia vifaa. Akaletwa mkufunzi aliyetoka kufanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, na hapo ndipo nilipoanza kusoma kweli. Alitufungisha taa ya ngazi, swichi moja chini na nyingine juu, kisha akadai tuongeze ya tatu katikati. Konduiti, lile bomba la plastiki la kupitishia nyaya, ilikunjwa kwa springi. Aliyejaribu kuichoma kwa moto kama tunavyoona mitaani aliambiwa akate nyingine aanze upya. Na hakuna aliyewasha umeme kabla ya kupima kwa mega, kifaa kinachoonesha kama umeme unavuja kwenye nyaya: volti 500 kati ya laini na athi (waya wa ardhini), na kipimo kikishuka chini ya megaomu 1, unafungua ukatafute waya uliochubuka. Mafundi wengi mtaani hawana mega kabisa. Wanawasha na kuomba Mungu. Nyumba zinaungua kwa sababu hiyo.

Wazee wa Kakamega wanaikumbuka WECO (Western College), chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1972. Mwaka 2002 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mimi sikusomea huko, ila mkondo wa vyuo vya ufundi kugeuka vyuo vikuu ni uleule: Kenya Polytechnic ya Nairobi na ile ya Mombasa nazo zikawa vyuo vikuu vya kiufundi mwaka 2013. Digrii ziliongezeka, na fundi wa cheti akasukumwa pembeni katika majengo yaliyojengwa kwa ajili yake. Kwa hiyo vyuo vikuu vikifungua taasisi za TVET, mimi nafurahi kabisa. Ila karakana iwe ya taasisi. Ikibaki ya kuazima, hiyo ni ofisi ya kupokea karo.

Bado kuna kasoro. Atachimenti, yaani nafasi ya mafunzo kazini, kila mtu alijitafutia, na wasio na jamaa kwenye kampuni walihangaika. Matokeo yalichelewa, cheti bado nakisubiri, na leseni haiwezi kusonga bila hicho.

Hata hivyo, kwa fundi mwenzangu wa Kisumu, Busia au Nakuru, nasema nenda. Kabla ya kulipa, omba uoneshwe idhini ya TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi, kwa kozi yenyewe unayoitaka, kwani chuo kikuu kutambuliwa kwa digrii hakutoshi kwa kozi za ufundi. Uliza pia tathmini ya CDACC inafanyiwa wapi. Halafu uingie karakana siku ya kawaida ya masomo, uhesabu mbao za kufungia vifaa na mega zilizopo, ulinganishe na idadi ya wanafunzi. Binamu yangu anataka kuingia kozi ya ufundi bomba, na nitamsindikiza mimi mwenyewe kwenda kuangalia.