2,4-D au pikloramu kwenye malisho?

Zote mbili huua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi. Tofauti iko chini, udongoni.

2,4-D haishikwi sana na udongo, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha mara tu baada ya kupiga dawa, inaweza kusombwa hadi mtoni. Lakini vijidudu vya udongo huila haraka: penye joto na unyevu, nusu yake huisha kwa siku 10 hivi.

Pikloramu nayo huyeyuka majini na kushuka na mvua, ila vijidudu huimaliza polepole mno. Nusu yake huchukua wastani wa siku 90, na penye ukavu au baridi mabaki huweza kukaa zaidi ya mwaka. Tena hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika, ikatoka na mkojo na kinyesi. Hapa Njoro nimeona maharagwe yaliyotiwa samadi ya namna hiyo: majani machanga yamejikunja kama kikombe, shina limepinda, hakuna cha kuvuna. Inauma, maana samadi ndiyo tegemeo letu.

Kwa shamba lenye ng'ombe na viazi pamoja, mimi nachagua 2,4-D, tena siku isiyo na dalili ya mvua.